Kina Woka wa Nyarugusu

Tulimwita Dereva. Nyarugusu ilikuwa na madereva wengine, waliokuja na kuondoka pamoja na magari yao, lakini ukisema Dereva bila kuongeza neno, kila mtu alijua unamtaja nani. Jina lake la ubatizo sitalitaja, kwa sababu wanawe wapo na sikuwaomba ruhusa. La mwisho lazima nilitaje, maana bila hilo sina la kusimulia. Aliitwa Woka. Kwenye leseni yake liliandikwa Kizungu, Walker. Kwingine kote, hata ubavuni mwa lori, alikojiandikia mwenyewe kwa rangi nyeupe, lilikuwa Woka, na hakuna aliyeliona geni.

Nilipofika pale kufundisha shule ya msingi, uhuru ulikuwa bado mpya na mgodi mkubwa wa Geita ulikuwa umekwisha kufungwa. Mimi ni mtoto wa Shinyanga mjini, wa nyumba ya Waislamu wauza nguo. Kisukuma nilikisikia sokoni tu, na Kizinza sikukijua kabisa. Dereva ndiye aliyenileta. Lori lilikuwa la chama cha ushirika, lilipeleka pamba mjini na kurudi na chumvi, mabati, sabuni na walimu. Alinikalisha mbele, akaniangalia viatu, akasema, "Mwalimu, hivyo vya kisigino vitakufia hapa. Lakini usivitupe. Mtu lazima awe na kitu cha kuvaa siku ya maana."

Yeye mwenyewe alikuwa na ngozi ya rangi ya chai iliyokolea, nywele nyekundu kidogo kwenye masikio, na macho ambayo kwenye jua kali yalionekana kama ya paka. Watoto wageni walimkodolea macho. Watoto wa pale walikuwa wameshazoea. Wanawe shuleni waliitwa ng'wana Woka, mtoto wa Woka, kama vile wenzao walivyoitwa kwa majina ya baba zao, na mimi kwenye daftari la mahudhurio niliandika hivyohivyo.

Alichukia kutembea. Hili nalisema mapema kwa sababu lilikuwa mzaha wa kijiji kizima. Mtu yeyote aliyewahi kukaa darasani miaka miwili aliweza kukuambia kwamba Woka kwa Kiingereza ni mtembeaji, na hapo palikuwa na mtu ambaye angewasha lori zima kwenda kununua kiberiti. Mkewe, mwanamke wa Kisukuma mwenye sauti nzito, alimwambia mbele ya wageni, "Wewe jina walikupa la mtu mwingine." Dereva hakukasirika. Alisema baba yake alikwisha kutembea kwa niaba yao wote.

Kuhusu huyo baba, alisimulia mambo mengi, na hayakulingana. Mara alikuwa injinia. Mara alikuwa mwindaji aliyeua simba kwa risasi moja huko Mwakitolyo. Mara, akiwa amekunywa pombe ya mtama, alikuwa mtu mbaya tu na basi. Ukweli niliupata kwa mzee mmoja aliyewahi kuchimba pamoja na Mzungu yule, naye hakuwa na sababu ya kupamba. Alisema Woka wa kwanza alikuwa mtu maskini, mwembamba, mwenye kikohozi. Alitoka kaskazini ya Uingereza, akaenda migodi ya Afrika Kusini, akapanda Rodeshia, akaja Lupa kule Chunya watu walipokuwa wakizoa dhahabu mtoni, Lupa ikamshinda, akasikia habari za Geita. Kila mahali alichelewa. Alichimba Nyarugusu kwa mikono yake kama wenyeji, akaishi na binti wa pale, na vita vya Wazungu vilipoanza akapanda gari la watu wengine na hakuonekana tena.

"Aliacha nini?" nilimuuliza yule mzee.

"Aliacha sururu," akasema. "Na mtoto."

Jina hakuliacha. Jina lilichukuliwa. Hilo nilielezwa na Dereva mwenyewe, na ndiyo hadithi pekee aliyoisimulia kila mara vilevile. Mama yake alimpeleka kubatizwa, na padri alipouliza jina la baba, akasema Woka. Padri akaona haya, au alimwonea huruma, akashauri waandike jina la babu mzaa mama, mzee anayejulikana, mtu wa heshima. Huyo mama akakataa. Wajomba wa mtoto nao walikuwepo, nao wakamwambia vilevile: mahari haikutolewa, kwa hiyo mtoto ni wa kwetu, aitwe jina la kwetu. Akawajibu kanisani, watu wakisikia:

"Mtoto ni wenu, nani amekataa? Lakini yule mtu amekula ugali wangu, amelala kwenye kitanda changu, nimemkanda kifua alipokohoa. Hawezi kuondoka na kila kitu. Jina linabaki hapa."

Akasimama palepale mpaka padri akaandika.

Kwa hiyo Dereva hakulibeba lile jina kwa ajili ya baba. Watu wengi hawakuelewa jambo hili, na yeye hakujisumbua kuwaelewesha. Miaka ile, vijana waliotoka kwenye mafunzo ya siasa walikuwa wakiacha majina ya Kizungu, wengine kwa moyo kabisa, na kijana mmoja wa tawi la chama alimfuata gereji akamwambia kwa adabu kwamba Woka ni mabaki ya ukoloni. Nilikuwepo, nikisubiri lifti. Dereva alikuwa chini ya lori, miguu tu ndiyo ilionekana.

"Mkoloni gani?" sauti ikatoka chini. "Hili ni jina la mama yangu."

"Mama yako alikuwa Mzinza, mzee."

"Ndiye aliyelikamata. Nipe hiyo spana ya kumi na saba."

Kijana akampa spana. Hawakulizungumza tena, na baadaye yule kijana alipooa, Dereva ndiye aliyembebea bibi harusi.

Hakupenda kuitwa Mzungu, na kuitwa chotara alichukia zaidi. Mfanyabiashara mmoja wa Kahama alimwita hivyo kwa utani, akashushiwa magunia yake barabarani, katikati ya pori, pamoja na yeye mwenyewe. "Mimi si Mzungu, si chotara," Dereva akamwambia. "Mimi ni dereva. Na sasa wewe si abiria." Akaondoa gari. Akaenda hadi kwenye mti wa kwanza, akasimama, akamsubiri afike kwa miguu, akashuka kumsaidia kupakia tena. Ndivyo alivyokuwa. Hasira yake ilikuwa ya kweli lakini haikuwa na mafuta ya kwenda mbali.

Kiingereza hakukijua, ila majina ya vipuri. Hata hivyo Mzungu yeyote aliyepita, awe bruda wa misheni au mtu wa kupima mawe, Dereva alimfuata na kumwonyesha leseni. "Walker," alisema, akigonga jina kwa kidole. "Maana?" Nao, kama sisi, walimjibu kwa kuonyesha vidole viwili vikitembea mezani. Alifurahi kila mara. Licha ya uvivu wake wa kutembea, aliamini kabisa kwamba ametoka kwenye kizazi cha wasafiri, watu wasiotulia, na kwamba usukani ulikuwa kwenye damu yake.

Mimi ndiye niliyeharibu jambo hili. Likizo moja nilikwenda kumsalimia mwalimu wangu wa zamani, mama Mwingereza aliyenifundisha shule ya wasichana. Alikuwa akijiandaa kurudi kwao moja kwa moja. Katika mazungumzo nikamtajia Dereva na jina lake, nikidhani nitamchekesha. Badala yake aliweka kikombe chini, akawa mwalimu tena. Akanieleza kwamba zamani, kabla ya mashine, kitambaa cha sufu kikitoka kwa mfumaji kilikuwa kilegevu na kichafu. Kiliwekwa kwenye pipa la maji na udongo na mkojo, na mtu aliingia humo miguu mitupu, akakikanyaga kutwa nzima mpaka kishikane na kuwa kizito. Mtu huyo, kaskazini ya nchi yao, ndiye aliyeitwa Walker. Kusini kazi hiyohiyo iliitwa jina jingine, na wenye jina hilo wamejaa hadi leo. Watu walipohama vijiji kufuata viwanda, na kutoka viwandani kufuata meli, jina lilihama nao, na kazi ikasahaulika.

"Mwambie rafiki yako," akasema, "hawakuwa watembeaji. Hawakwenda popote. Walitembea palepale."

Njia nzima ya kurudi nilijiuliza kama nimwambie. Kichwani nilimwona akigonga leseni kwa kidole mbele ya wageni, na nikawaza, kwa nini nimnyang'anye? Lakini alinipokea mwenyewe stendi ya Geita, na alikuwa na macho ya kuona kitu usoni mwa mtu.

"Mwalimu, una neno."

Nikamwambia. Nilimwambia lote, hata mkojo. Alisimamisha lori. Mikono ilibaki kwenye usukani, akitazama mbele, na mimi nikaanza kutafuta maneno ya kumpoza. Kisha mabega yakaanza kutikisika. Alicheka mpaka akafungua mlango akashuka, akashika bodi la gari, akacheka tena.

"Mkojo!" akasema. "Dobi wa mkojo! Na mimi nawasumbua Wazungu wa watu!"

Alipanda, akapangusa macho. Tulikwenda kitambo. Kisha akasema, kwa sauti nyingine kabisa, "Ni kazi lakini. Mtu anakanyaga kutwa ili mwenzake asipigwe na baridi. Si kazi ya aibu."

"Si ya aibu," nikasema.

"Basi mke wangu asijue leo. Ajue kesho."

Alijua siku hiyohiyo, kwa sababu Dereva mwenyewe hakuweza kujizuia. Na tangu hapo, aliposhindwa kuwasha lori asubuhi, alilipiga teke akiliambia, "Unafikiri nitakubembeleza? Sisi watu wa kukanyaga."

Niseme sasa kuhusu miaka ya kuhamia vijijini, kwa sababu ilimgusa vibaya. Amri ilipokuja, magari yote yalitakiwa, na lake pia. Alibeba watu aliowajua tangu utoto wake, akawatoa walikozoea na kuwashusha kwenye viwanja vilivyopimwa kwa kamba, ambako hapakuwa na kitu ila majani. Wapo waliomlaani mbele ya uso wake. Aliendesha taratibu kupita kiasi, hata wasimamizi wakamkaripia. Watu waliambiwa wachukue vyombo vya lazima tu. Kwenye lori lake bibi vizee walipanda na mawe yao ya kusagia, na msimamizi alipouliza, Dereva alisema mawe yale ni ya kuweka nyuma ya tairi mlimani. Kwa wiki kadhaa hakupata usingizi. Naye pia alihamishwa, akaiacha nyumba aliyojenga na kaburi la mama yake uani.

Mwaka uliofuata, binti yake mkubwa alichumbiwa. Kijana alikuwa wa Ushirombo, wa familia ya Kikatoliki, wakulima wazuri, watu wa Kisumbwa wenye taratibu zao. Binti nilikuwa nimemfundisha, na alikuwa amenishika mkono akaniambia, "Mwalimu, huyu ndiye." Kwa hiyo siku wazee wa upande wa pili walipokuja, nilikuwa jikoni na mkewe Dereva, nikihangaika kama ni mimi ninayeolewa.

Mambo yalianza vizuri. Walisalimiana, wakanywa, wakazungumza mvua. Kisha bibi wa yule kijana, mwanamke mfupi mwenye kitambaa cheusi kichwani, akauliza ukoo wa binti. Lilikuwa swali la haki. Lazima lijulikane kama mnaoana si ndugu, na mwiko wenu ni upi.

Wajomba wa Dereva, wale waliobaki, walikuwa wamejiandaa. Mmoja akataja ukoo wao, ukoo mkubwa, unaojulikana mpaka Biharamulo. Bibi akatikisa kichwa kukubali. Ingeishia hapo. Wote tungekula.

"Huo ni wa mama yangu, na ninauheshimu," Dereva akasema. "Mwiko wake naushika. Lakini mimi ni Woka. Binti yangu ni Woka. Sitaki aingie kwenu kwa mlango wa uani, halafu siku moja mseme mlifichwa."

Jikoni mkewe alijipiga paji la uso. "Huyu mtu," akanong'ona. "Si anyamaze tu?"

Bibi alimgeukia Dereva. Hakuwa na ubaya, na kwa hiyo swali lake liliuma zaidi. "Ukoo una makaburi, baba," akasema. "Watu wakioana, wanataka kujua wakuu wa upande wa pili wamelala wapi, tukiwa na shida tuende kusema nao. Hao kina Woka wenu wamelala wapi?"

Nilimwona binti mlangoni, ameshika sinia. Baba yake, kama alikuwa na kaburi, hakuna aliyejua liko nchi gani.

Kisha Dereva akasimama, akachukua ufunguo wa gari.

"Twendeni," akasema. "Wote."

Tulipanda lorini, wazee wa Ushirombo kwenye benchi, bibi mbele pamoja naye. Barabara ya kijiji cha zamani ilikuwa imefunikwa na majani, na mihogo iliyosahauliwa imekuwa miti. Nyumba zilikuwa zimeanguka. Tulipita viambaza vya watu tuliowajua, na wazee lorini wakaacha kuzungumza, maana na wao walikuwa wameacha za kwao hivyohivyo. Alisimamisha gari, akashuka, na mtu yule asiyetembea akatutangulia kwenye majani yaliyomfika kifuani, akiyakanyaga ili bibi apite.

Kaburi lilikuwa limejengwa kwa mawe meupe ya mgodini. Alilipangusa kwa mkono.

"Huyu ni mama yangu," akamwambia bibi. "Baba yangu sijui alipo, na siwezi kukudanganya. Jina alilishika huyu. Kwa hiyo makaburi ya kina Woka yanaanzia hapa. Mimi nitalala pembeni yake, hata kama wamehamisha nchi nzima. Mkiwa na shida, njooni mseme na huyu. Husikiliza, lakini hapendi kupindishwa."

Bibi alisimama pale. Akaangalia majani, akaangalia vile viambaza vilivyobaki. Kisha akapiga magoti taratibu, akaanza kung'oa majani kuzunguka yale mawe, na wanawake wote tukapiga magoti naye. Alipomaliza upande wake alisema, bila kumtazama mtu, "Na sisi wetu wamebaki porini. Nani wa kumcheka mwenzake?" Akamgeukia Dereva. "Tumekubali kina Woka."

Binti alilia akiwa amekumbatia mgongo wa baba yake. Dereva alipangusa macho, akasema ni moshi wa gari.

Ndoa ile ipo mpaka leo.

Mimi nilihamishiwa Kahama, na kwa miaka mingi nilimsikia tu. Lori la ushirika lilikufa, ushirika wenyewe ukavunjwa na kurudishwa, na yeye na mkewe wakahamia Bugarama, ambako wachimbaji walikuwa wameanza kumiminika, akafungua kibanda cha kuziba pancha. Nilimkuta huko katikati ya miaka ya themanini, nilipokwenda kusimamia mitihani. Alikuwa amezeeka vizuri, nywele nyeupe tupu, kofia ya ukili.

Nilikuwa nimekaa kibandani kwake, saa ya mchana, tulipoona kundi la wachimbaji likija, vumbi kichwani, wakipiga kelele kama wamepata jiwe la dhahabu.

"Mzee Woka! Ndugu yako amekuja! Ndugu yako wa damu!"

Katikati yao walikuwa wamemleta kijana wa Kizungu, mmoja wa wale waliokuja kupima ardhi, mwekundu kwa jua, hajui kama anasherehekewa au amekamatwa. Walikuwa wameliona jina lake kwenye sanduku la vyombo. Walker. Hawakungoja maelezo.

Wakanisukuma mbele nitafsiri. Yule kijana aliponielewa aliona haya, akasema, kwa upole sana, kwamba anaogopa kuwakatisha tamaa. Kwao jina hili ni kama majani. Kila kijiji cha sufu kilikuwa na mtu wa kazi hiyo, na kila mmoja wao alizaa kina Walker wake, wasiohusiana hata kidogo. Kwao hakumjua yeyote aliyekwenda Afrika. Hakudhani ni ndugu.

Nikatafsiri. Wachimbaji walinyong'onyea. Mmoja akatema mate, akasema hata undugu siku hizi ni wa kupima kwenye maabara. Dereva alikuwa akimtazama kijana, viatu kwanza, kisha uso.

"Mwulize nani anampikia," akaniambia.

Nikauliza. Hakuna, alisema. Anafungua makopo hemani, peke yake, maana wenzake wamekwenda Mwanza.

"Ana umri gani?"

Nikamwambia.

"Mdogo kwa binti yangu mkubwa. Basi mwambie hivi. Undugu wa huko kwao anaujua yeye. Wa hapa naujua mimi, na hapa mkubwa wa kina Woka ni mimi. Anisalimie."

Nilimfundisha neno. Alilisema vibaya, shikamu, akiinamisha kichwa, na wachimbaji wakaanza kucheka lakini Dereva akainua mkono wakanyamaza.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Marahaba."

Akaegemea fimbo, akanyanyuka, akamshika kijana kiwiko, akampeleka kuelekea mlango wa nyumba yake nyuma ya kibanda. Harufu ya dagaa na ndimu ilikuwa ikitoka ndani.

"Mama! Ongeza maji. Woka amekuja, hajala."

"Woka yupi?" sauti nzito ya mkewe ikatoka jikoni. "Wewe si upo hapo?"

"Huyu mdogo," Dereva akasema, na akainamisha kichwa cha yule kijana kwa mkono wake, ili asijigonge mlangoni.